Funga Mzigo Ukijua Utafunguliwa

Msafiri wa Goma wa miaka iliyopita alikuwa na kazi nyepesi. Alipakia valizi yake kwenye taksi kule Himbi au Ndosho, akashuka mlangoni pa uwanja wa ndege, akapima mzigo, akalipia Go Pass, ile kodi ya uwanja, akaaga ndugu zake. Tangu vita vilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025 na uwanja kufungwa kwa abiria, safari ya angani inaanzia ardhini. Unavuka mpaka hadi Gisenyi, Rwanda, unapanda basi linalopita Musanze, unamaliza kilomita zaidi ya 150 za milima na kona hadi Kigali, ndipo unafika uwanja wa Kanombe kwenye ndege yenyewe. Kufikia hapo mzigo wako umeshabebwa na pikipiki au chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, umekaguliwa mpakani na umerushwa ndani ya buti la basi. Na bado kazi haijaisha. Kabla ya jengo la abiria la Kanombe gari husimamishwa, abiria hushuka, mizigo hupangwa chini na mbwa hupita akiinusa mmoja mmoja.

Mimi nilikuwa mpakiaji wa mizigo katika uwanja wa Goma. Nimepiga magoti ndani ya tumbo la ndege nikipanga masanduku kutoka sakafuni hadi juu, mwenzangu akinisukumia moja baada ya jingine. Siku hizi nina meza yangu katika mtaa wa Birere. Ninatengeneza zipu, ninabadilisha magurudumu, na wanaosafiri huniletea mizigo niwafungie. Kwa kuwa nimeiona kazi hii kutoka ndani ya ndege na kutoka nje, kuna jambo moja ninalolisema kwa kila anayefika mezani kwangu, na ndilo ninalotaka kulieleza hapa.

Watu wengi hufunga mzigo ili usifunguke. Huzungusha skochi pande zote, hupiga kamba ya nailoni vifundo juu ya vifundo, wengine hushona mdomo wa mfuko kwa sindano ya gunia. Wanamwogopa mwizi, na hofu hiyo ninaielewa. Lakini mzigo unaotoka Goma leo utafunguliwa. Utafunguliwa na askari, au na mtu wa forodha, au na mkaguzi wa nchi ya mbali ambaye hutamwona kamwe. Ukiufunga usifunguke, ataukata. Akishaukata, hana skochi yako wala sindano yako, na mzigo utaendelea na safari ukiwa wazi. Mzigo uliofungwa vizuri hufunguliwa kwa dakika moja, huonekana wote bila kumwagwa, na hufungwa tena na mtu asiyekujua.

Plastiki haivuki

Jambo la kwanza la njia hii mpya ni plastiki. Katika viwanja vingi duniani utaona watu wakizungushiwa masanduku yao karatasi ya nailoni mpaka yanang'aa. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008, na mwaka 2019 sheria ikaongezwa kugusa vyombo vya plastiki vinavyotumika mara moja na kutupwa. Sashe ulizofungia viatu, sashe ya sabuni, nailoni uliyozungushia valizi, zote zinaweza kuishia mikononi mwa mkaguzi mpakani. Nimewaona mama zetu wamechuchumaa kando ya barabara upande wa Gisenyi, unga umewekwa ndani ya kitenge, dagaa ndani ya skafu, kwa sababu sashe zote zimebaki kwenye meza ya ukaguzi.

Dawa yake ni kitambaa. Mafundi cherehani wa Goma wana vipande vya vitenge ambavyo havitoshi kushona hata nguo ya mtoto. Mwombe fundi akushonee vifuko vinne au vitano vyenye kamba ya kuvuta mdomoni. Kimoja kiwe cha nguo za ndani, kimoja cha viatu, kimoja cha chakula kikavu, kimoja cha dawa na sabuni. Mkaguzi akifungua valizi anakuta vifuko. Anatoa kimoja, anaangalia, anakirudisha. Hana haja ya kuchambua nguo zako mbele ya foleni nzima. Kwa vitu vya majimaji tumia chombo kigumu chenye kifuniko, kile ambacho utaendelea kukitumia ukifika.

Valizi ya mama wa Majengo

Majuzi alikuja mama mmoja wa mtaa wa Majengo, anakwenda Brussels kumwona binti yake aliyejifungua. Alitandaza mkeka mbele ya meza yangu, akatoa kila kitu alichotaka kubeba. Vitenge vipya, nguo za mtoto alizofuma mwenyewe, unga wa muhogo, sambaza zilizokaushwa, bidoni ya mawese, sombe mbichi iliyotwangwa, na juu ya yote duara zima la jibini la Masisi, la manjano, bado linanukia maziwa.

"Mama, jibini hili halitafika," nilimwambia.

"Mwanangu, lisifike kwa nini? Binti yangu miaka yote hii hajaonja jibini la nyumbani."

Nilimweleza kama ninavyowaeleza wote. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu msafiri kutoka nchi kama yetu kuingiza nyama wala maziwa, na jibini ni maziwa. Sababu ni magonjwa ya mifugo. Majani mabichi kama sombe yanahitaji cheti cha afya ya mimea, na sheria hiyo ilikazwa Desemba 2019. Matunda yaliyoachwa huru ni matano tu: nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Samaki wana nafuu, kwani msafiri anaruhusiwa hadi kilo 20 kwa matumizi ya nyumbani. Kwa hiyo sambaza zilikwenda, sombe ikarudi jikoni, na jibini likabaki Majengo kwa wajukuu wengine. Mama alihuzunika, lakini alihuzunikia mkekani pake, mbele ya mtu wa kwao. Hiyo ni afadhali kuliko kuhuzunika mbele ya ofisa wa forodha anayetupa jibini lako kwenye pipa.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa mawese. Mafuta haya yakivuja hayaharibu nguo zako tu, yanaharibu na za abiria ambao mizigo yao iko chini ya wako. Kwanza nilimwambia aulize shirika lake la ndege, maana mengine hukataa mafuta kabisa. Alipohakikishiwa kuwa yanakubaliwa, tulipunguza mafuta ili ibaki nafasi ya vidole viwili juu. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ndege ikiwa juu angani hewa ya ndani huwa kama ya mlima wa mita 2,400 hivi. Hewa iliyobaki ndani ya chombo hutanuka, na chombo kilichojazwa mpaka mdomoni husukuma mafuta nje kupitia kifuniko. Kisha tulikaza kifuniko, tukailaza bidoni juu ya gazeti usiku kucha. Asubuhi gazeti lilikuwa kavu. Hapo ndipo tuliiviringisha kwa taulo kuukuu, tukaitia ndani ya ndoo ndogo yenye kifuniko, na ndoo tukaisimamisha katikati ya valizi, nguo zikiizunguka pande zote.

Unga wa muhogo tuliutia ndani ya kifuko cha kitambaa kizito na kuandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito: unga wa muhogo, kwa Kifaransa na Kiingereza. Unga mweupe usio na jina humfanya mkaguzi yeyote asimame. Viatu na vitu vizito tuliviweka upande wa magurudumu, kwa sababu valizi ikisimamishwa uzito wote hushuka huko, na kitu kizito kikiwa juu kitaponda kilicho chini yake. Vitenge tulivikunja vikawa ukuta wa pembeni. Nguo za mtoto zilikaa juu kabisa. Juu yake tuliweka karatasi yenye orodha ya kila kilichomo, jina la mama, na namba ya simu ya binti yake, halafu tukapiga picha valizi ikiwa wazi na tena ikiwa imefungwa.

Kufuli, mkanda na zipu

Kuhusu kufunga kwenyewe, twende polepole hapa, kwa sababu ndipo watu wanapodanganyika zaidi. Kufuli dogo kwenye zipu halimzuii mwizi. Zipu hutobolewa kwa ncha ya kalamu, meno yakaachana, mkono ukaingia, halafu vishikio vya zipu vikipitishwa tena meno hurudi kama hayakuguswa. Lakini ukifunga vishikio vyote viwili kwenye mpini wa valizi au kwenye pete isiyosogea, hawezi kuvipitisha tena. Zipu itabaki wazi na wewe utajua mapema, ukiwa bado ndani ya ukumbi wa uwanja ambapo malalamiko yako yana thamani.

Wanaokwenda Marekani, na wako wengi miongoni mwa ndugu zetu, wajue kuwa wakaguzi wa kule wana haki ya kufungua sanduku lolote. Yapo makufuli yenye alama ndogo ya almasi nyekundu ambayo wao wana ufunguo wake. Kufuli jingine wanaweza kulikata. Tumia lile lenye almasi, au tumia mkanda mpana wenye bizimu unaozunguka valizi yote. Mkanda hufunguka kwa kubonyeza na hufungwa kwa kubonyeza. Pia hushikilia valizi isipasuke tumboni pale zipu inapochoka, na unakusaidia kuitambua yako kati ya valizi nyeusi mia moja. Miisho ya mkanda ichomekwe ndani. Kamba inayoning'inia hunaswa kwenye ukanda wa mashine, na mashine haina huruma.

Kilo ni uhai

Sasa niseme kama mtu aliyepakia. Katika ndege za ukubwa wa kati, mizigo hupangwa kwa mikono. Mizito hukaa chini, myepesi juu, kisha wavu hufungwa ili isihame ndege ikipanda au kushuka. Valizi iliyo chini inaweza kubeba kilo mia moja juu yake. Kwa hiyo kabla hujaleta valizi mezani kwangu, ifunge na uikalie. Kama kitu ndani kinavunjika ukiikalia nyumbani, kitavunjika safarini.

Mashirika mengi huruhusu kilo 23 kwa kila sanduku la daraja la kawaida, na karibu kote duniani sanduku moja halipaswi kuzidi kilo 32. Kikomo hicho kiliwekwa kwa ajili ya migongo ya wapakiaji. Ndege ndogo zinazohudumia miji yetu ya ndani hukuruhusu kilo 15 au 20, na huko abiria mwenyewe hupandishwa kwenye mizani. Nenda sokoni kwa muuza maharage, mpe kitu kidogo, akupimie. Acha kilo moja ya ziada, kwa sababu mizani hazifanani.

Mtu anayebembeleza kwenye kaunta apitishiwe kilo kumi za bure anadhani anazungumzia pesa. Sisi Wakongomani tumelipa bei nyingine. Tarehe 8 Januari 1996, ndege aina ya Antonov 32 iliyojazwa kupita uwezo wake ilishindwa kupaa kutoka uwanja wa Ndolo, Kinshasa, ikaingia katika soko lililojaa watu na kuua mamia. Hapa Goma, lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilifunika sehemu ya kaskazini ya barabara ya kurukia, na kwa miaka mingi ndege zilitumia kipande kilichobaki. Tarehe 15 Aprili 2008, ndege aina ya DC-9 ya shirika la Hewa Bora ilishindwa kupaa, ikapita mwisho wa barabara hiyo na kuangukia Birere hii hii ninapofanyia kazi. Makumi ya watu walikufa, wengi wao wakiwa kwenye shughuli zao mtaani. Sisemi kwamba Birere ilikuwa kosa la kilo. Ninasema kwamba rubani hupiga hesabu ya urefu wa barabara, joto, mwinuko na uzito, na hesabu hiyo ni sahihi tu kama uzito alioandikiwa ni wa kweli. Anayeficha kilo anaiharibu hesabu ya watu wote waliomo ndani, na ya walio chini pia.

Mzigo wa mtu mwingine

Hakuna msafiri wa Goma asiyeletewa pakiti usiku wa kuamkia safari. "Mpelekee mdogo wangu, ni nguo tu." Utu wetu unatufanya tuone haya kukataa, na mimi sikuambii ukatae. Nakuambia usikubali mbuzi kwenye gunia. Pakiti ifunguliwe mbele ya aliyeileta, kila kitu kitolewe, kisha uifunge wewe mwenyewe kwa mikono yako. Mji wetu unapitisha dhahabu na koltani, na wapo wanaotafuta mtu mwaminifu wa kuwabebea bila kujua. Kiwanjani hutaulizwa ni ya nani. Utaulizwa kama mzigo ni wako na kama uliufunga mwenyewe.

Na si magendo tu. Tarehe 25 Agosti 2010, ndege ndogo ya shirika la Filair aina ya Let 410 ilianguka Bandundu ilipokaribia kutua. Kati ya watu 21 alinusurika mmoja. Kwa maelezo yaliyotokana na ushuhuda wake, mamba aliyekuwa amefichwa ndani ya mfuko wa abiria alitoka, watu wakakimbilia mbele kwa hofu, na ndege ikapoteza mizani. Mfuko mmoja ambao hakuna aliyeufungua kabla ya safari.

Betri mkononi

Kwa sababu umeme wetu hukatika, kila mtu Goma ana betri ya akiba ya kuchajia simu. Hiyo haiwekwi kamwe ndani ya valizi inayokwenda tumboni mwa ndege. Betri za lithiamu zinaweza kupata joto na kuwaka, na moto ulio tumboni hakuna anayeuona mapema. Moto ukitokea kwenye kabini, wahudumu watauona na kuuzima. Kikomo cha kawaida ni saa-wati 100. Hesabu yake ni rahisi: betri ya miliampea-saa 20,000 na volti 3.7 ina saa-wati 74, kwa hiyo inapita. Ya 30,000 ina 111, na hiyo inahitaji ruhusa ya shirika. Kama maandishi yamefutika, mkaguzi ana haki ya kuikataa.

Mfuko wa mkononi ubebe pia pasipoti, kadi ya njano ya chanjo, vyeti halisi, dawa za kila siku, pesa na nguo moja ya kubadilisha. Majimaji humo yasizidi mililita 100 kwa kila chombo, kanuni iliyotokana na njama ya mabomu ya majimaji iliyogunduliwa London mwaka 2006.

Herufi tatu na siku saba

Mzigo ukipimwa, karani hufunga utepe wenye herufi tatu na namba kumi. Soma herufi hizo kabla hujaondoka kwenye kaunta. Kigali ni KGL, Addis Ababa ADD, Nairobi NBO, Brussels BRU, Kinshasa FIH. Herufi kubwa ziwe za mji wako wa mwisho. Tepe za safari za zamani uzing'oe zote, kwa maana mashine inaweza kusoma ile ya mwaka jana. Jina lako liandikwe nje na ndani, pamoja na namba ya mwenyeji wako kule uendako, ikianza na alama ya nchi yake. Namba yako ya Kongo, ya +243, ambayo laini yake imezimwa haitakusaidia.

Mzigo usipotokea, au ukitokea umepasuka, usitoke nje ya ukumbi. Nenda kwenye dawati la mizigo, jaza fomu, onyesha kipande cha utepe na picha zako. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, una siku 7 za kuandika malalamiko ya mzigo ulioharibika, na siku 21 kwa uliochelewa, kuanzia siku ulipokabidhiwa. Usipoonekana kwa siku 21, unahesabika umepotea. Fidia ina kikomo, ambacho tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni kama dola 2,000 za Marekani kwa abiria, na utalipwa kulingana na unachoweza kuthibitisha. Ndiyo maana tulipiga picha valizi ya yule mama ikiwa wazi.

Ndugu msomaji, anza kufunga siku mbili kabla ya safari. Toa kila kitu mkekani, ondoa plastiki, ondoa kisichoruhusiwa kule uendako, pima kilo, weka orodha juu, na funga kwa mkanda unaofunguka. Pakiti ambayo hukuiona ndani iache Goma.